Vyungu vya Taulo

Watu husema debe tupu haliachi kuvuma. Madebe yangu mimi yalikuwa yamejaa udongo na mizizi, na kwa miaka tisa hayakumpigia mtu kelele. Aliyevuma ni dada wa mkwe wangu, tangu siku alipoingia mlangoni na masanduku mawili na bahasha ya kaki aliyoikumbatia kama mtoto mchanga.

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti. Alikitoa kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

"Mafunzo ya Utunzaji wa Bustani za Nyumbani," alitusomea, kidole kikifuata maneno, kana kwamba sisi wengine mle ndani hatukwenda shule. "Siku tatu kamili. Na muhuri ndio huu."

Binti yangu alisema hongera, wifi. Mkwe wangu alisema hongera, dada. Mimi nikasema hongera, mwanangu, na moyoni nikambandika jina: Cheti. Hajalijua mpaka leo.

Alikuja kwa wiki mbili tu, wakati nyumba yake ikibadilishwa bati. Wahenga walituambia mgeni siku ya tatu tumpe jembe, lakini hawakutuambia tufanyeje na mgeni anayekuja na jembe lake mwenyewe.

Niwaeleze ua wetu. Ni hatua sita kwa kumi na moja, sakafu ya sementi. Zamani jua lilishinda humo kutwa. Kisha jirani mmoja akainua ghorofa nne, na mwingine akapandisha ukuta na kupanga matangi ya maji juu yake, na tangu hapo jua huingia saa nne asubuhi kupitia upenyo mmoja, hujitandaza sakafuni upana wa mkeka, na kabla ya saa sita limekwisha kujikunja na kuondoka. Pengine pote ni kivuli.

Watu waliniambia hapataota kitu. Sikuwabishia. Nilifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, na mtu aliyetoa madoa niliyoyatoa mimi hababaishwi na kivuli. Nilipostaafu, wenzangu walinipa vitu viwili vilivyokuwa vikienda kutupwa: kigari cha kusukumia mashuka, kilichobaki ubao na magurudumu, na pipa la ndani la mashine ya kufulia, lile la chuma lenye vitundu kila upande. Mashine ile ilifia mikononi mwangu. Pipani nikapanda magimbi, na majani yake sasa yananifika kifuani.

Vyombo vingine nilivitengeneza mwenyewe. Katika madebe ya mafuta ya kupikia nilipanda tangawizi na mchicha. Katika makopo ya rangi niliyoletewa na mkwe wangu, ambaye ni fundi rangi, nilipanda maua tu, kwa kuwa rangi si kitu cha kuliwa. Kulikuwa na beseni lililopasuka, ndoo isiyo na mkono, sufuria iliyochoka. Na nje ya dirisha la chumba ninacholala na mjukuu wangu lilining'inia birika la bluu la marehemu mume wangu, lenye mnanaa, kwa sababu mtoto anapenda harufu yake.

Chini ya chombo nilipiga matundu matano kwa msumari wa inchi nne: bati kwa nyundo, plastiki kwa msumari uliotiwa moto. Nikaweka kokoto, kipande cha gunia juu yake, ndipo udongo. Kila kimoja kikakaa juu ya matofali mawili ili maji yakitoka yapate pa kwenda. Mmea wa kivulini haufi kwa kiu, hufa kwa kuzama. Kwa hiyo sikumwagilia kwa saa wala kwa siku. Nilitia kidole, udongo ukikishika, niliuacha.

Na ule mkeka wa jua ulikuwa na zamu. Saa nne nilipakia kundi la siku hiyo kwenye kigari, nikalisukuma hadi kwenye mwanga, na jua likiondoka nikalirudisha. Mchicha ulipata zamu tatu kwa wiki, maua mbili, tangawizi moja. Magimbi hayakuwa na zamu. Yenyewe hupenda kukaa gizani kama wambeya.

Mkwe wangu naye, siku moja bila kuambiwa na mtu, aliupaka ukuta wote wa nyuma rangi nyeupe iliyobaki kazini, ili mwanga ule kidogo ukigonga ukutani urudi kwa mimea. Alinawa mikono akaingia kula. Mtu wa hivyo ukimkosea adabu dada yake unajisikia vibaya. Ndiyo maana nilivumilia nilivyovumilia.

Cheti alitoka uani asubuhi ya kwanza akiwa amevaa glavu.

"Mama," alisema, "hivi hapa mnaishi au mnatupia taka?"

"Tunaishi, mwanangu. Karibu kiti."

"Makopo! Madebe! Na hii ni nini, sufuria?"

"Ilikuwa sufuria. Sasa ni nyumba ya begonia."

"Kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba bustani ni uso wa nyumba."

"Basi uso wetu una ndui," nilisema, "lakini haujalala njaa."

Hakucheka. Alikuwa karani wa mapokezi maisha yake yote, na huzungumza na kila mtu kana kwamba kuna kaunta katikati na wewe huna miadi.

Wiki ile ile ya kwanza nilifungua kabati nikakuta taulo zangu sita hazipo. Taulo nzuri, nzito, nilizozikunja kwa mkunjo wa hospitali. Nilizikuta uani. Alikuwa amezichovya kwenye uji wa sementi na kuzifunika moja moja juu ya ndoo zilizopinduliwa, na sasa zilikuwa zinakauka zimesimama wima kama mizimu iliyofumaniwa ikiiba.

"Mwanangu, taulo zangu."

"Zile kuukuu? Nimezipandisha cheo, Mama. Hivyo ni vyungu."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba ungekataa."

Hapo alisema kweli. Na nisiwe mnafiki: vilipokauka na kupakwa chokaa vilikuwa vizuri. Mikunjo ya taulo ilibaki ubavuni kama marinda ya gauni. Mjukuu wangu, ambaye tunamwita Kifaranga na ana miaka sita, alivizunguka akivigusa kwa kidole. Mimi nikakigeuza kimoja nitazame chini. Kilikuwa kizima kama sinia.

"Mwanangu, maji yatatokea wapi?"

"Hayatoki. Yakitoka yatachafua sakafu." Alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mtoto anayeuliza mwezi unalala wapi. "Sementi inapumua, Mama."

"Inapumua?"

"Ndiyo. Ni mambo ya kisasa."

"Haya. Ikianza kukoroma uniamshe."

Katika vyungu vinne alipanda mawaridi. Mawaridi, mimea inayolilia jua kama mtoto anayelilia titi, aliyaleta kwenye ua ambao jua hupita kama mkaguzi. Vyungu viwili vilibaki vitupu vikingoja maua mengine ambayo jina lake hakulikumbuka vizuri. Vyote sita akavipanga juu ya mkeka wa jua, akachora mstari wa chaki kuvizunguka, na kigari changu kikakosa pa kuegesha. Mchicha wangu ukaanza kurefuka na kupauka, ukichungulia juu ya mgongo wa wengine kama watu wafupi kwenye mkutano.

Kisha akabandika ratiba kwenye mlango wa jikoni. Jagi moja asubuhi, jagi moja jioni, kila chungu, kila siku. Nilimwona akimwagilia siku ya mvua, mwavuli mkono mmoja na jagi mkono wa pili. Nilielewa shida yake. Cheti chake kilisomewa juani.

Baada ya wiki tatu, maana zile wiki mbili zilikuwa zimeshazaa, maji yalikuwa yanasimama juu ya udongo wa mawaridi kama mchuzi. Majani yakageuka manjano. Cheti akasema ni njaa, akayatia mbolea. Nilinyamaza. Nilikwisha kumwambia mara moja na alinijibu kwamba sementi inapumua. Sasa nikanyamaza, na sidanganyi, kunyamaza kwangu hakukuwa uvumilivu. Nilikuwa nangoja mawaridi yafe. Nilikaa kwenye kigoda changu nikichambua mchele, na kila jani lililoanguka nililisikia kama mtu aliyenipigia makofi.

Hata hivyo lazima niseme hili. Nina goti la kushoto linaloniuma wakati wa baridi. Jioni moja Cheti aliniona nikishika ukuta, akanikalisha, akapasha mafuta akanikanda goti hadi mguuni, taratibu, huku akinihadithia mambo ya mafunzo. Hakuna aliyemtuma. Akarudia kesho yake na keshokutwa. Mikono yake ina adabu kuliko mdomo wake, na nilikuwa nakumbuka yote mawili, taulo na goti, kila nilipotaka kumchukia moja kwa moja.

Kisha Kifaranga akaugua. Alirudi kutoka shule akakataa chakula, na kufikia alasiri alikuwa anatetemeka chini ya blanketi huku mwili ukiwaka. Binti yangu alikuwa kwenye cherehani yake dukani kwa watu, mkwe wangu juu ya ngazi kwenye jengo fulani. Tulikuwa mimi na Cheti. Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga yangu akatoka nusu akikimbia kwenda zahanati. Njiani kisigino cha kiatu kilikatika. Akavivua vyote viwili akaenda pekupeku, na aliporudi na dawa miguu yake ilikuwa na vumbi na damu kidogo, na hakuitaja.

"Malaria," alisema. "Muuguzi anasema tuna maji yaliyotuama nyumbani. Tuyatafute tuyamwage, la sivyo tutarudi kwake kila mwezi."

Jioni ile, mtoto amekunywa dawa na kulala, tulikaa mezani. Nilitaka kumshukuru Cheti. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Yeye akaniwahi.

"Nilisema mimi. Nilisema tangu siku ya kwanza. Makopo. Madebe. Huko ndiko mbu wanakozaliana."

"Makopo yangu yana matundu," nilisema.

"Yana kutu, Mama. Yana majani kama msitu. Kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba uchafu ndio nyumba ya mbu."

"Mlifundishwa na pa kutia maji yakishazidi?"

"Wifi, Mama, jamani," alisema binti yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Amezaa mara tatu akabakiwa na huyo mmoja. "Mimi sitaki kujua nani ana cheti na nani ana nini. Mama, labda... labda tuyaondoe tu. Yote. Kuna msukuma mkokoteni anapita Jumamosi."

Kama angenipiga kofi ningeshangaa kidogo tu zaidi. Nilitazama mkono wangu wa kulia, ambao kidole chake cha shahada hakitoki udongo hata nikikisugua kwa sabuni ya kufulia. Na mdomo ukasema wenyewe:

"Haya. Makopo yakitoka, nami natoka nayo. Nitakwenda kwa kaka yako."

Kaka yake, mwanangu mkubwa, anakaa ghorofa ya nne. Ni mtoto mzuri. Lakini nyumbani kwake dirisha hutazama dirisha la mtu mwingine, na mahali pa kuweka hata kikombe cha udongo hakuna. Ningekwenda kule nikae kwenye kochi nitazame televisheni mpaka Mungu anikumbuke, na Kifaranga ningemwona sikukuu kwa sikukuu. Nilijua hayo wakati nasema. Ila neno la hasira ni kama maji ya kufulia, ukishayamwaga huyazoi.

Binti yangu akaanza kulia. Cheti akasema, "Sawa, ni uamuzi wako, Mama," kwa sauti ya kaunta. Mkwe wangu aliendelea kukwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

Jumamosi msukuma mkokoteni alifika saa tatu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu. Mimi nilikuwa nimefunga begi langu na kuliweka juu ya kitanda. Nilikuwa nimekwisha kuyapangusa makopo yote, maana sikutaka yaondoke na aibu.

"Tupakie?" aliuliza yule mtu.

"Ngoja," alisema mkwe wangu. Akaingia bafuni akatoka na beseni jeupe la kuogea mtoto, akaliweka katikati ya ua. "Muuguzi alisema maji yaliyotuama. Hakusema makopo. Nataka kuona maji yenyewe. Kila chombo tukiinamishe hapa, kimoja kimoja."

"Vyote?" aliuliza Cheti.

"Vyote, dada. Vya Mama na vyako."

Nilisimama na goti langu. "Vyote kabisa," nilisema, nikiwa nimeinua kidevu. "Msiache hata kimoja."

Tulianza na vyangu. Mkwe wangu aliinamisha debe la kwanza la tangawizi: punje chache za udongo. La pili: hakuna. Beseni lililopasuka: hakuna. Ndoo: mdudu mmoja mwenye miguu mingi, akaenda zake kwa hasira. Sufuria ya begonia, makopo ya rangi kumi na saba, moja moja, na beseni likabaki jeupe. Lile pipa la magimbi halikuinuka, msukuma mkokoteni alilisukuma, akachungulia chini, akasema, "Hili Bibi ni chujio. Hapa hata shetani hapati maji ya kunawa."

Kisha vyungu vya taulo. Cheti alisimama karibu navyo kama mama mwenye mwanafunzi siku ya matokeo.

Kile cha kwanza kilihitaji watu wawili. Kilipoinama, maji ya rangi ya chai yalimwagika, yananuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo, na mzizi wa waridi ukaja nayo, mweusi, mlaini, ukilegea. Na ndani ya beseni jeupe wakaanza kucheza. Viluwiluwi. Walijinyonga na kujinyoosha, juu chini, juu chini, wengi kama punje za bizari.

"Lo," alisema msukuma mkokoteni. "Hiki si chungu, hiki ni shule ya bweni."

Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu. Cha nne. Vile viwili vitupu vilivyokinga mvua ndivyo vilivyotia fora; humo walikuwa wakubwa, karibu wapate mabawa. Kila chungu kilipomwagwa Cheti alirudi hatua moja nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta mweupe. Hakukuwa na cheti cha kumkinga. Alijikalia juu ya ndoo akatazama miguu yake, yenye plasta vidoleni.

"Sementi inapumua," nilisema. Nilisema polepole, ili nisipoteze hata silabi moja. "Imepumua nini, mwanangu? Mbu?"

Binti yangu alikuja akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, Mama," na msukuma mkokoteni akauliza sasa apakie vya nani, vya Bibi au vya Dada. Mkwe wangu alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimeshinda. Utamu wake niliusikia mpaka kwenye magego. Nilitazama ua wangu, debe kwa debe, kopo kwa kopo, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni.

Macho yakafika dirishani.

Lilikuwa linaning'inia pale pale, birika la bluu, nje ya dirisha la chumba alicholala Kifaranga. Mnanaa ulikuwa umefunika mdomo wake wote. Hakuna aliyelikumbuka. Liko juu, halikai na wenzake chini, na watu wamezoea kulinusa, hawalitazami. Kama ningenyamaza, jambo lingeisha hapo, na Cheti angefunga masanduku yake kabla ya saa sita.

Nililijua jibu kabla sijalishika. Vyombo vyote nilivitoboa isipokuwa hicho. Mume wangu alilinunua mwaka tuliooana, akalijaza maji, akalinyanyua juu ya kichwa chake ili nione lisivyodondosha, akasema, "Hili halitavuja maisha yako yote." Na halikuvuja. Yeye ameondoka miaka kumi na minne, na birika halijavuja. Nilipotia mnanaa humo nilishika msumari, nikaurudisha kwenye kopo lake. Nikajiambia nitakuwa nalimwagilia kwa kijiko.

Ila mvua haimwagilii kwa kijiko.

"Bado kimoja," nilisema.

"Vimeisha, Mama," alisema mkwe wangu.

"Bado kimoja, nimesema."

Nikalitungua mwenyewe. Lilikuwa zito kuliko linavyopaswa kuwa. Nikalipeleka juu ya beseni, ambalo mkwe wangu alikuwa amelisuuza, nikaliinamisha kama mtu anayewamiminia wageni chai. Maji yakatoka kwenye mrija, membamba, safi kabisa, yakaingia ndani ya beseni jeupe. Nao walikuwemo. Si wengi kama wa vyungu. Kumi na wawili, kumi na watatu. Walicheza vile vile.

Nilisikia aibu ikipanda kutoka kwenye goti mpaka masikioni. Wiki zile zote nilikaa kwenye kigoda nikichekelea mawaridi ya mtu, na juu ya kichwa cha mjukuu wangu nilikuwa nimetundika zizi langu mwenyewe.

Cheti aliinua uso. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, na nikaona mdomo wake ukipambana na malezi.

"Nyani, Mama..." alianza, kisha adabu ikamshika, akaziba mdomo kwa mkono.

"Haoni kundule!" ilimalizia sauti ndogo dirishani. Kifaranga alikuwa ameamka, kidevu juu ya fremu, nywele zimesimama, macho yamerudi kuwa ya mtoto mzima.

Msukuma mkokoteni alicheka mpaka akakaa juu ya mkokoteni wake. Mkwe wangu aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Binti yangu alisema, "Wewe! Nani kakufundisha?" na kila mtu akanitazama mimi, maana ni mimi.

"Basi," nilisema, nikikaza uso. "Neno langu ni neno. Birika lina hatia. Alipakie, na mimi begi langu liko kitandani."

"Mama, wewe hupakiwi," alisema mkwe wangu. Alisema huku anafuta macho. "Mkokoteni una gurudumu moja bovu. Nipe msumari nilitoboe, yaishe."

"Hulitoboi wewe."

"Nani, basi?"

"Aliyeambiwa halitavuja."

Nikaketi kwenye kigoda. Binti yangu akaniletea nyundo na ule msumari wa inchi nne. Nikang'oa mnanaa, nikauweka juu ya gunia bichi, nikalipindua birika mapajani. Kitako chake kilikuwa bado cheusi kwa moshi wa chai za miaka ile. Lakini lilikuwa la duara, likawa linateleza, na kila nilipoweka msumari likageuka kama mtoto anayekataa sindano.

Mikono miwili ikaja ikalishika pande zote mbili. Ilikuwa ya Cheti. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kwenye maji yale yale ya vyungu vyake.

"Piga, Mama. Nimelishika."

Sikupiga. Nilimtazama. Kwa karibu alikuwa na mvi mbili juu ya sikio ambazo rangi ya saluni haikuzifikia.

"Siku ya pili," alisema kwa sauti ya chini, ili ndugu yake asisikie. "Siku ya pili ya mafunzo ndiyo iliyokuwa ya matundu. Niliona kwenye ratiba. 'Kutoboa na kutoa maji.' Mimi siku ya pili nilikwenda saluni, kwa sababu siku ya tatu tulikuwa tunapigwa picha."

"Na cheti?"

"Walitupa wote, Mama. Hata aliyelala."

Nilitaka kusema mengi. Yalikuja mengi, na mengine yalikuwa matamu. Nikayameza yote, nikaweka msumari, nikapiga. Pigo la kwanza enameli iliruka kipande. La pili bati likaitika. La tatu msumari ukapita, na kwenye kiganja cha Cheti, chini, likadondoka tone moja la maji lililokuwa limebaki ndani. Kifaranga alishangilia dirishani. Msukuma mkokoteni aliaga, akisema akipata siku nyingine yenye vituko kama hii atakuja hata bila mzigo, na binti yangu akampa fungu la mchicha.

"Vyungu vyangu tutavitoboa pia?" aliuliza Cheti.

"Kwa patasi, pole pole. Na vitatoka kwenye mkeka wa jua. Vitapata zamu kama wengine."

"Mawaridi yamekufa."

"Yamekufa kabisa. Nitakupa kangaga, jani la kivulini. Hata ukilisahau litakusamehe."

Nikahamisha msumari mahali pa tundu la pili. Cheti akainama karibu, akakunja uso, akanyoosha kidole.

"Mama, tundu lisiwe kubwa sana, udongo utamwagika."

"Nyamaza ushike," nilimwambia. "Siku ya matundu wewe hukuwepo."